Unaenda Ethiopia kuona ibada? Anza na kalenda, tiketi baadaye

Wengi wakipanga safari ya Ethiopia wanaanza na picha. Wameona lile kanisa la umbo la msalaba limezama ardhini kule Lalibela, basi wanakata tiketi mwezi wowote tu, wanafika wanakuta jengo zuri kweli, kasisi mmoja anasinzia mlangoni na watalii wanne wanapiga selfi. Sio mbaya, ila kama nia yako ilikuwa kuona dini ya watu inavyoishi basi hapo umeenda kuangalia mawe. Kalenda kwanza, hata bei ya ndege usiulize bado.

Kalenda yao iko nyuma ya hii tunayotumia kwa miaka 7 au 8 na ina miezi 13, yaani 12 ya siku 30 na mmoja mfupi wa siku 5 au 6, na mwaka mpya unaingia Septemba 11. Andika pembeni: Meskel (sikukuu ya Msalaba) Septemba 27, Genna (ndo Krismasi yao) Januari 7, Timkat Januari 19. Mwaka mmoja kati ya minne Meskel na Timkat zinasogea siku moja mbele, kwa hiyo hakikisha kabla hujalipa chochote. Timkat ni ubatizo wa Yesu, jioni ya kuamkia siku yenyewe makasisi wanatoka na tabot, ule mfano wa Sanduku la Agano, imefunikwa vitambaa imebebwa kichwani, na kule Gondar asubuhi yake watu wanajirusha kwenye bwawa la mfalme Fasilides likishabarikiwa. Ni raha, lakini mimi ukinipa nafasi moja tu nachagua Genna ya Lalibela.

Sababu ni kwamba Lalibela siku hiyo sio makumbusho. Makanisa 11 yamechongwa kwenye mwamba mmoja mmoja kuanzia juu kwenda chini, wanasema ni kazi ya mfalme Lalibela mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzo wa ya 13, na mpaka leo yanasaliwa. Mahujaji wanakuja kutoka vijijini, wengine wametembea kwa miguu siku kadhaa, wamejifunga shuka nyeupe, mkesha unaanza jioni ya Januari 6 na asubuhi pale kanisa la Bete Maryam makasisi wanajipanga juu ukingoni mwa mwamba na wengine chini uani, wanaitikiana kwa nyimbo na ngoma. Sasa chumba cha wiki hiyo kitafute miezi kadhaa kabla, ukisubiri Desemba utalipa bei ya kulia. Na beba koti, mji uko kwenye mita 2,500 hivi, usiku baridi haina utani.

Kitu ambacho wazungu kinawasumbua sana na sisi wala hakitusumbui ni saa. Waethiopia wanahesabu kama sisi, jua likichomoza saa inaanza upya, saa mbili asubuhi ni ile ile saa mbili yako. Tatizo linakuja kwa wale madereva na waongozaji waliozoea watalii, anakuona mgeni anakubadilishia kimyakimya, we unasubiri saa mbili yeye anamaanisha nane mchana. Muulize tu, saa ya Ethiopia au ya kizungu? Tiketi za ndege ziko kwa saa ya kimataifa siku zote.

Ndani ya kanisa viatu vinavuliwa, kwa hiyo vaa soksi, tena ndefu, maana yale mazulia yana viroboto hao sijui wa tangu lini. Akina mama wanajifunika kichwa, akina baba wanavua kofia, na upande wa wanaume na wa wanawake uko tofauti, angalia wenzio wanaenda wapi ufuate. Nunua netela sokoni, ile shuka nyepesi nyeupe, sio bei. Utaona pazia mbele, nyuma yake kuna patakatifu ni pa makasisi tu, usichungulie na usinyooshe simu. Ukiona watu wanasali nje wamebusu ukuta hawaingii usidhani wamefukuzwa, wengi wanajiona hawajawa tayari kuingia na hiyo nayo ni ibada kamili. Tochi muhimu, kule Lalibela kuna handaki la giza totoro ambalo watu wanalipita kama njia ya jehanamu, mkono ukutani unasonga taratibu.

Chakula: Jumatano na Ijumaa ni kufunga, na kabla ya Genna kuna mfungo wa siku arobaini na kitu, hakuna nyama, hakuna maziwa wala mayai. Wala usinune, agiza beyaynetu uletewe injera, ule mkate wao mwembamba mchachu, na mboga na dengu za kila aina, mi naona ni tamu kuliko nyama yao.

Usalama sasa. Lalibela na Gondar ziko Amhara, na tangu 2023 kumekuwa na mapigano huko kati ya jeshi na wanamgambo wa Fano. Uliza hali wiki ya safari, sio mwezi kabla, na ukienda panda ndege mpaka Lalibela, barabara achana nayo. Hali ikiwa mbaya ahirisha, usijitie ushujaa.

Au geukia mashariki, Harar, ambako binafsi naona Waswahili tunapasahau bure. Unaruka mpaka Dire Dawa, unapanda minibasi kama saa moja. Mji wa kale, Jugol, umezungushiwa ukuta wa karne ya 16, ndani kuna misikiti 82, mitatu kati yake ya karne ya 10, na makaburi ya mawalii 102. Vichochoro vile mtu wa Lamu atajiona kwao. Hapa kalenda ni ya Hijria, na siku ya kulenga ni Shuwalid, sherehe ya kumaliza ile funga ya siku sita za mwezi wa Shawwal, kwa hiyo hesabu wiki moja na kidogo baada ya Idi. Zikri, ngoma, mji mzima umevaa rangi. Omba kulala kwenye nyumba ya Kiharari, baadhi zinapokea wageni, ukumbi una mabaraza ya ngazi ngazi na ukutani vikapu vya kusuka, kila mtu anajua nafasi yake ya kukaa, subiri uonyeshwe.

Ukiandaliwa kahawa, ni raundi tatu, abol, tona na baraka, kuondoka kabla ya ya tatu ni kama kumkatisha mwenyeji.

Jioni nenda nje ya ukuta kwenye fisi. Ndio, fisi wa kweli, kuna watu kazi yao ni kuwalisha na wanawaita kwa majina. Utapewa kijiti chenye kipande cha nyama uwalishe mwenyewe, ukiogopa baki ndani ya bajaji mwambie dereva awashe taa, utaona vizuri tu. Bei mkubaliane kabla hamjaondoka.