Pipa la mboji asilolifungua panya

Hapa Goma kuchimba shimo la taka ni kupigana na mawe ya volkano. Chukua pipa la plastiki la lita 60, liinue juu ya mawe mpaka mdomo ufike kiunoni. Mama yangu magoti yanamuuma, lakini anamwaga maganda ya viazi bila kuinama.

Toboa matundu ya hewa pembeni na chini, kisha yafunike yote kwa wavu wa chuma wenye macho yasiyozidi milimita 6. Wa plastiki panya anautafuna. Kifuniko kibane kwa mpira wa ndani wa baiskeli na ndoano moja: kinafunguka kwa mkono mmoja, na mbuzi wa jirani hajakiweza.

Samaki na nyama usitie kabisa, harufu yake inaita mbwa. Kila ukimwaga maganda, funika na majani makavu.