Kuhamisha Kaseti za Zamani: Namna ya Kuchagua Aina ya Faili ya Sauti

Mwenye kaseti za taarabu au za kwaya anayetaka kuzihamishia kwenye kompyuta hukutana mapema na vifupisho vingi: WAV, FLAC, MP3, M4A, Opus. Vyote anaweza kuvipanga kwa swali moja tu, nalo ni kama faili imehifadhi kila kilichorekodiwa au imetupa sehemu ya sauti ili iwe ndogo. Kilichotupwa hakirudi, hata faili ikigeuzwa baadaye kuwa ya aina bora zaidi.

Kompyuta hupima wimbi la sauti mara nyingi kila sekunde na kuandika kila kipimo kwa namba. Idadi ya vipimo hivyo huitwa kasi ya sampuli. CD hutumia vipimo 44,100 kwa sekunde, kwa kuwa vipimo vinapaswa kuzidi mara mbili ya masafa ya juu kabisa yanayotakiwa kunaswa, na usikivu wa binadamu hukomea karibu na hezi 20,000, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde. Kina cha biti, kwa upande wake, huonyesha kila kipimo kimeandikwa kwa usahihi kiasi gani. Kila biti huongeza takriban desibeli 6 kati ya sauti kubwa kabisa na mvumo wa chini, hivyo biti 16 za CD hutoa takriban desibeli 96. Kaseti haifikii upana huo. Hata hivyo ninashauri biti 24, kwa sababu zinakuruhusu kurekodi kwa kiwango cha chini kidogo bila hasara, na IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, nayo inataka angalau biti 24 na sampuli 48,000.

Kabla ya kurekodi, safisha kichwa cha redio kaseti kinachogusa utepe kwa pamba yenye spiriti, kisha uache kikauke. Unganisha waya kwenye tundu la sauti la kuingilia, si la maikrofoni. Kompyuta nyingi za mkononi zina la maikrofoni peke yake, tena la mono, kwa hiyo kifaa kidogo cha sauti cha USB kitakusaidia. Kama kaseti ilirekodiwa kwa Dolby B, mfumo wa kupunguza mvumo wa utepe, icheze Dolby hiyo ikiwa imewashwa. Katika programu ya bure kama Audacity, rekebisha kiwango ili sehemu zenye sauti kubwa zaidi zifike karibu na desibeli 6 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha juu, maana zikigonga sifuri vilele vya wimbi hukatwa, na mkwaruzo wake hauondoki kirahisi.

Rekodi ya kwanza ihifadhiwe kama WAV au FLAC. WAV, iliyoletwa na Microsoft na IBM mwaka 1991, kwa kawaida huweka namba zote bila kuzibana: kaseti ya dakika 90 kwa biti 24 na sampuli 48,000 nilizotaja itachukua takriban gigabaiti 1.5. FLAC, iliyotoka mwaka 2001, hubana namba zilezile bila kupoteza hata moja, na mara nyingi faili hupungua kufikia karibu nusu. Mimi ningechagua FLAC, si kwa ajili ya nafasi tu, bali pia kwa sababu hubeba alama ya uhakiki inayowezesha kugundua kama sauti iliyomo imeharibika.

MP3 ni ya nakala za kusikiliza. Ilitokana kwa kiasi kikubwa na kazi ya taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, nayo hutupa sauti ambazo sikio halitarajiwi kuzisikia kwa kuwa zimefunikwa na nyingine kubwa zaidi. Kiasi kinachobaki hutegemea kasi ya biti: kilobiti 128 kwa sekunde ni karibu megabaiti 1 kwa dakika, na kilobiti 320 ni megabaiti 2.4. Kwenye 128, hasara husikika kwanza katika vitu vikali kama njuga za matari, makofi na fidla. Uimbaji mtupu huvumilia zaidi. AAC, aina nyingine inayotupa sehemu ya sauti, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi kwa ukubwa uleule, na Opus, inayotumika katika ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ina nguvu hasa kwenye kasi ndogo.

M4A inahitaji tahadhari, kwa sababu ni chombo tu: ndani yake inaweza kuwamo AAC, ambayo imetupa kitu, au ALAC, ambayo haikutupa. Vilevile mtu akikuletea FLAC, usiamini kiendelezi peke yake. Ifungue katika mwonekano wa spektrogramu, yaani picha inayoonyesha masafa yaliyomo katika sauti. Ikiwa masafa yamekatika kama kwa rula karibu na hezi 16,000, huenda ilikuwa MP3 iliyovalishwa nguo nyingine, ingawa rekodi za kaseti nazo huwa dhaifu huko juu, lakini hufifia polepole.

Mwisho jaza tagi, yaani taarifa zinazoandikwa ndani ya faili yenyewe. Toleo la kwanza la ID3, mfumo wa tagi za MP3, liliruhusu herufi 30 tu kwa jina la wimbo, ndiyo maana faili za zamani zina majina yaliyokatika katikati. Matoleo ya sasa yana nafasi ya kutosha. Andika mwimbaji, kikundi, mahali na mwaka, pamoja na upande wa kaseti, na usipomjua mwimbaji andika hivyo hivyo kwamba hajulikani, badala ya kuacha "Track 03".