Riwaya ya upelelezi ikikuangusha, shika penseli

Mwezi uliopita, kwenye meza ya vitabu vya mitumba pale Posta, nilitoa shilingi 5,000 kwa riwaya ya Kiingereza yenye paka na keki kwenye jalada. Mji mdogo Vermont, Marekani. Mama mwenye duka la mikate, maiti kwenye stoo ya unga. Nikasema leo nimepata. Siku tatu baadaye nikakifunga na kusonya mpaka mume wangu akauliza kulikoni.

Sikukitupa. Nilikirudia na penseli, na wewe fanya hivyo hivyo. Raha ya kumkamata muuaji ukiikosa, mkamate mwandishi.

Anza na muuaji, maana sasa unamjua. Tafuta jina lake linatokea wapi kwa mara ya kwanza, uandike ukurasa huo ndani ya jalada la nyuma. Padri mmoja Mwingereza, Ronald Knox, aliandika amri kumi za riwaya hizi mwaka 1929, na ya kwanza inataka mhalifu atajwe mapema. Kitabu changu kina kurasa 268. Kaka wa mfamasia anashuka na sanduku lake kutoka Boston ukurasa wa 241, wa 260 anafungwa pingu. Maskini, hata chai hajanywa.

Kisha vidokezo. Kila anachokiona mpelelezi, jiulize kama na wewe umekiona. Ukurasa wa 187 mama wa mikate anaokota risiti chini ya kaunta, anaisoma, anatabasamu, sura inaisha. Kilichoandikwa humo tunaambiwa ukurasa wa 259! Hiyo ni rafu, na Knox aliikataza pia. Kuficha kunaruhusiwa, tena ndiyo kazi yenyewe, lakini mwandishi afiche mbele ya macho yangu. Angeniorodheshea risiti zote za wiki, maziwa, mayai, sukari, na magunia mawili ya unga yaliyolipiwa Jumapili wakati duka limefungwa, ningepita bila kushtuka. Halafu mwishoni ningejipiga paji la uso mwenyewe. Hiyo ndiyo raha niliyoilipia.

Tazama pia mpelelezi anapataje habari. Si askari, kwa hiyo anahitaji mlango wa kuingilia. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, hakuwa askari pia, lakini hatuchoki kumfuata, kwa sababu tunamwona akifikiri. Muuza mikate ana mlango mzuri kabisa: watu wakiwa kwenye foleni wanasema mengi. Wangu hasikilizi foleni. Mkuu wa polisi anaacha faili wazi mezani na kwenda kuchukua kahawa, naye anachungulia. Niliweka herufi K, ya kahawa, pembeni kila ilipotokea hivyo. Zilifika tatu.

Usikilaumu kwa kukosa damu, au kwa paka asiyedhurika. Aina hii ya riwaya imeandikwa hivyo makusudi, msomaji alale kwa amani.

Mwisho, jaribu kukitengeneza. Nilimwingiza yule kaka ukurasa wa 30, akinunua mkate na kulalamika bei. Nikaisoma risiti kwa sauti. Nikamnyima mkuu wa polisi kahawa yake. Kwa kipimo changu, kitabu kikisimama kwa tengenezo moja, mpe mwandishi nafasi nyingine. Yakihitajika matatu, usiguse cha pili katika mfululizo, hata paka awe mzuri namna gani.

Nilikirudisha kwa muuzaji, akanibadilishia kwa kuongeza 2,000. Kabla ya hapo nilipiga picha kurasa za mapishi, zipo mwishoni kabisa. Vikeki vyao vinataka tunda fulani la buluu ambalo sokoni kwetu halipo. Nikaweka zabibu kavu, vikaumuka vizuri.