Sonona: anza kabla hamu haijaja

Sonona, ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, huiba hamu ya kufanya mambo. Ndiyo maana "nitaoga nikijisikia" mara nyingi haifiki. Geuza mpangilio: tenda kidogo, hamu huja baadaye, taratibu. Na kidogo namaanisha kidogo kweli: fungua dirisha, nawa uso, toa kiti nje ukae dakika 10 kwenye jua la asubuhi. Ukishindwa leo, si uvivu wala upungufu wa imani. Ni ugonjwa, na unatibika. Mwombe mtu unayemwamini akupitie mtembee hadi dukani. Akishafika mlangoni, kutoka huwa rahisi zaidi. Hali ikidumu wiki 2, usingizi na hamu ya chakula vikavurugika, nenda kituo cha afya. Ukiwaza kujiua, usihesabu wiki: mwambie mtu sasa hivi, akae nawe.