Bethdei ya 50 inakuja: namna ya kupanga kilo za kupunguza bila kujidanganya

Nilipokaribia kutimiza miaka 40 nilishonesha gauni la satini la zambarau kwa mwili ambao sikuwa nao. Fundi alipomaliza kunipima nikamwambia, "Toa inchi tatu kiunoni, mpaka siku yenyewe nitakuwa nimepungua." Nikala mlo mmoja kwa siku, nikanywa maji ya limau mpaka meno yakaingia ganzi, na ndani ya wiki kumi nikapungua kilo 11. Picha zilipendeza. Miezi minane baadaye zile 11 zilikuwa zimerudi zote na kuongeza tatu, na zipu ya lile gauni haikuvuka mbavu.

Ya 50 niliipanga kwa miezi kumi na minane, kwa namna nyingine kabisa. Mwaka jana mwezi wa kwanza wifi yangu akaja nyumbani na daftari mkononi: "Wifi, mwezi wa kumi na moja nami natimiza hamsini. Nipangie." Haya ndiyo tuliyoyafanya mezani siku ile na miezi iliyofuata. Mimi si daktari.

Hatua ya 1: Pima presha na sukari

Kabla ya mizani. Kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usipunguze chakula hata kijiko bila kuongea na daktari wako, maana sukari inaweza kushuka mpaka ukaanguka. Dawa za presha nazo huenda zikahitaji kupunguzwa mwili ukipungua. Twende.

Hatua ya 2: Pata namba ya kuanzia

Namba moja ya asubuhi moja haitoshi. Mwili hupanda na kushuka kilo moja hata mbili kwa siku kwa sababu ya maji, chumvi, hedhi au choo kilichogoma. Jipime asubuhi saba mfululizo, umetoka chooni, hujanywa chai, umejifunga khanga ileile. Jumlisha, gawanya kwa saba. Hiyo ndiyo namba yako.

Nunua mizani yako ya dijitali na uiweke kwenye sakafu ngumu. Mimi nilipoteza mwezi mzima kwa sababu ya zulia: nilikuwa napima nyumbani juu ya zulia, Jumamosi napima duka la dawa, namba zinatofautiana kilo tatu, nikawa najinyima chakula kuzifukuza kilo ambazo hazikuwepo. Kujua kama mizani ni nzima, panda mwenyewe, kisha panda tena umebeba dumu la maji la lita tano lililojaa. Tofauti iwe kilo tano na kidogo.

Usisahau futi kamba. Mzunguko wa tumbo unapimwa katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umeshusha pumzi, si umelibana tumbo. Kwa mwanamke, hatari ya magonjwa ya moyo na kisukari huanza kupanda kuanzia sentimita 80, na hupanda sana kuanzia 88. Kwa mwanamume ni 94 na 102. Mimi naiamini futi kamba kuliko mizani, hasa kwa sisi tunaokaribia kukoma hedhi, maana mafuta huhamia tumboni hata kama kilo hazijaongezeka.

Andika kwenye daftari. Programu za simu sizitaki. Zinazijua baga za Wazungu kwa majina, lakini ukiziuliza makande ya nazi zinakuonyesha picha ya supu.

Wifi: wastani kilo 92, urefu sentimita 158, tumbo 108.

Hatua ya 3: Kaa na kalenda (hapa ndipo penye kazi)

Wifi alitaka kufika bethdei akiwa na kilo 65. Yaani kupunguza 27. Kutoka siku ile mpaka siku yake zilikuwa wiki 43. Gawanya, unapata kama gramu 630 kwa wiki. Na kila mahali unasoma kwamba nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki ni mwendo salama. Kwa hiyo hesabu inakubali, na ndiyo maana watu wanaingia kwenye mtego huu wakiwa na akili zao timamu. Nami nilipokuwa na 39 niliingia hivyohivyo.

Ubaya wake ni kwamba hesabu hiyo imezichukulia wiki zote 43 kuwa sawa, na mwili wa wiki ya 43 kuwa uleule wa wiki ya kwanza.

Anza na wiki. Tulifungua kalenda tukakata kwa kalamu nyekundu kila wiki ambayo wifi hatapungua hata akiapa. Ramadhani, wiki nne. Usiniambie kwamba kufunga kunapunguza. Keti kwenye futari ya nyumbani kwetu uone mihogo ya nazi, tambi za sukari, kaimati, sambusa, na uji wenye pilipili manga juu yake, kisha daku usiku wa manane. Wapo wanaopungua, wifi si mmoja wao. Idi na siku zake, wiki moja. Harusi ya binti wa dada yake, yenye kitchen party, sendoff na yenyewe harusi, wiki tatu. Likizo ya mwezi wa sita Tanga kwa mama mkwe, ambako kukataa chakula ni kutafuta ugomvi, wiki mbili. Halafu nikamwambia aongeze wiki nne ambazo hazina jina. Akauliza za nini. Za msiba, malaria, mtoto kulazwa, mwezi ambao mshahara umechelewa na nyumbani kuna wali na maharage tu. Hatujui zitakuwa lini, tunajua zitakuja.

Jumla wiki 14. Zimebaki 29.

Katika wiki zilizokatwa lengo ni kutoongezeka, basi. Hilo nalo ni lengo, liandike kama lengo. Mtu ambaye hakuliandika akipanda nusu kilo Ramadhani anaona ameshindwa, anaacha kila kitu mpaka mfungo sita uishe, na hapo ndipo nusu kilo inapokuwa nne.

Sasa mwili. Wiki ya kwanza au mbili utashuka haraka, pengine kilo mbili, na utampigia kila mtu simu. Mengi ya hayo ni maji. Wanga ambao mwili umeuhifadhi kwenye misuli na ini hushikana na maji, kila gramu moja na karibu gramu tatu za maji, na ukipunguza chakula akiba hiyo ndiyo inayotoka kwanza. Kwa hiyo kasi ya wiki mbili za mwanzo usiipigie hesabu ya mwaka. Mimi nilifanya hivyo: nilishuka kilo mbili na nusu wiki ya kwanza, nikazidisha kwa kumi, nikaenda kwa fundi.

Baada ya hapo mwendo unapungua, na haupungui kwa sababu umekuwa mvivu. Mwili mdogo unahitaji chakula kidogo kuuendesha; kile kilichokupunguza ukiwa na 92, ukifika 85 kinakutosha tu. Njaa inaongezeka. Na bila kujijua unakaa zaidi, unamtuma mtoto badala ya kwenda mwenyewe. Ukiminya sana, mwili unakumbuka. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 14 waliokonda kwa kasi kwenye shindano la televisheni. Miaka sita baada ya shindano wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo, na miili yao ilikuwa inatumia karibu kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Niliposoma habari hiyo nililikumbuka gauni langu.

Kwa hiyo usitumie kasi ya kitabu, tumia kasi yako. Kila mtu wa umri wetu amewahi kujaribu. Nikamuuliza wifi: ile mara uliyopungua bila kuteseka, ulipungua kilo ngapi kwa muda gani? Akakumbuka kilo tano kwa miezi mitatu, alipokuwa anatembea kwenda kazini. Hiyo ni kama gramu 400 kwa wiki. Tukaipa nusu ya kwanza, wiki 15, kasi hiyo: kilo 6. Nusu ya pili, wiki 14, tukaipa nusu ya kasi: kilo 2.8. Jumla 8.8, tukashusha mpaka 8. Siku zote shusha, usipandishe.

Lengo la bethdei: kilo 84.

Wifi alinuna. "Kilo nane, wifi? Hata sitaonekana!" Nikamwonyesha kwamba nane kwa 92 ni karibu asilimia 9. Katika utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliochapishwa 2002 na kuhusisha watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa ugonjwa, kundi lililobadili chakula na kufanya mazoezi liliwekewa lengo la asilimia 7 tu na dakika 150 za mazoezi kwa wiki. Waliougua kisukari katika kundi hilo walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko kundi ambalo halikupewa mpango huo. Asilimia saba ya wifi ni kilo sita na nusu. Mama yake alikatwa mguu kwa kisukari. Akanyamaza, akaandika 84.

Ile 65 hatukuifuta. Tuliiandika ukurasa wa mwisho wa daftari, bila tarehe.

Hatua ya 4: Geuza kilo kuwa matendo

Huwezi kuamka ukaamua kupungua gramu 400. Unaweza kuamka ukaamua kutumia kijiko. Chagua matendo mawili au matatu, si kumi.

Tuliyapata jikoni kwake. Nilimwambia apike mchicha kama kawaida yake, ila mafuta ayamimine kwanza kwenye bakuli badala ya sufuria. Akainamisha dumu kama anavyoinamisha kila siku, akihesabu kwa macho. Kisha tukayapima kwa kijiko cha chakula: tisa. Kijiko kimoja ni kama kalori 120. Mchicha wa watu wanne, kalori zaidi ya elfu moja za mafuta, na hatujagusa ugali. Tukakubaliana vitatu. Wiki ya kwanza mumewe alilalamika, ya pili akasahau.

La pili, sukari ya chai: vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku. Akashuka mpaka kimoja. La tatu, kushuka daladala vituo viwili kabla, kwenda na kurudi, siku tano. Ugali hatukuuondoa. Anayekuambia uache ugali maisha yako yote muulize yeye ameacha lini.

Ongeza maharage, dagaa, mayai, na kazi ya kubeba vitu vizito. Umri huu misuli inaondoka yenyewe, usiisindikize.

Hatua ya 5: Fundi

Shona kwa mwili ulionao siku ya kupimwa. Mwambie fundi aache kitambaa cha akiba kwenye mishono ya pembeni, na umrudie wiki tatu kabla alipunguze. Kupunguza gauni ni kazi ya nusu saa. Kulipanua gauni ambalo halikuachiwa kitambaa hakuna fundi anayeweza.

Hatua ya 6: Jiandae na midomo ya watu

Hili sijaliona kwenye mwongozo wowote, na limewarudisha nyuma wengi. Kwetu unene ni heshima. Ukinenepa unaambiwa umenawiri, ndoa imekukubali. Ukipungua kilo tano tu utaulizwa kama unaumwa, na wengine hawatauliza, wataambiana. Jirani yake wifi alimvuta pembeni msibani: "Mama, nyumbani kuna usalama?" Mama mkwe akapiga simu Tanga–Dar akitaka kujua mwanawe anamfanyia nini mkewe.

Tafuta jibu moja fupi na ulirudie. La wifi lilikuwa "Daktari kaniambia nipunguze mafuta, presha." Ukisema daktari, wakubwa wanakuelewa. Ukisema bethdei, umewapa la kuongea.

Hatua ya 7: Andika tarehe ya baada ya sherehe

Ifanye mwanzoni, siku ileile ya Hatua ya 3. Mtu aliyeweka lengo mpaka siku ya keki, kesho yake hana lengo. Tuliandika: katikati ya mwezi wa pili, miezi mitatu baada ya bethdei, jipime siku saba, usiwe umezidi 86.

Wifi alifika siku yake na wastani wa 85.2. Zile nane hazikutimia; msiba wa mwezi wa tisa ulikula wiki tatu peke yake. Tumbo lilikuwa 99, na fundi alibana gauni pande zote mbili. Mwezi wa pili akanitumia picha ya daftari, asubuhi sita zimejaa na ya saba ina 86.7, chini yake ameandika: "Wifi, hii ni pilau ya jana, naihesabu au naiacha?"

Nikamjibu, ihesabu.