Miezi ya kwanza na mtoto uliyemtoa katika makao ya watoto

Mwenye nia ya kuasili mtoto jijini Mwanza huanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anamoishi, iwe Jiji la Mwanza au Manispaa ya Ilemela, na amri ya kuasili hutolewa na mahakama kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Utaratibu wa karatasi maafisa watakueleza. Lisiloelezwa sana ni namna ya kuishi na mtoto ambaye, kabla ya kufika kwako, amekwisha kupoteza watu zaidi ya mara moja: wazazi, pengine bibi aliyempokea, na sasa wenzake wa makao.

Kabla hajahamia, waulize walezi wake mambo madogo: hulala taa ikiwaka au ikiwa imezimwa, nani humbembeleza akilia, wenzake humwitaje, nini humshtua usiku. Omba pia shuka aliyoizoea, wala usiifue siku ya kwanza, kwa kuwa huenda harufu yake ndiyo kitu pekee anachokifahamu nyumbani mwako. Sherehe ya kumkaribisha na iahirishwe. Akimkumbatia kila mgeni anayeingia, usidhani amekwisha kuzoea; mara nyingi ni mtoto ambaye bado hajui nani ni wake.

Mtoto aliyewahi kushinda na njaa huficha chakula chini ya godoro hata kama ametoka kula ugali na sato akashiba, na wenyeji hunong'ona kwamba mmejiletea mwizi. Huo si wizi wala ulafi, bali ni mwili ambao bado unazikumbuka siku zile. Usimfokee, na usifunge kabati kwa kufuli. Mwekee kikapu chake cha matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambayo hayaozi upesi, nawe ukijaze kila jioni mbele ya macho yake.

Kiwewe hukaa pia masikioni na puani. Mlio wa injini ya mtumbwi, sauti ya mlevi njiani au harufu ya dagaa walioanikwa, kama ilikuwapo siku ya balaa, yaweza kumrudisha huko bila yeye mwenyewe kujua sababu, akaganda, akakimbia au akapiga. Wakati huo ubongo wake unapambana na hatari, na swali la "kwa nini umefanya hivyo?" halina wa kulijibu. Keti chini karibu naye, punguza sauti, sema maneno machache, na akishatulia andika daftarini kilichotangulia. Ikiwa anaogopa ziwa, usimpandishe kivuko cha Kamanga ili azoee. Mwache alitazame kwa mbali, kutoka juu ya mawe, mpaka aombe mwenyewe kusogea.

Jamaa watakushauri utumie fimbo, nao husema kwa nia njema. Kataa kwa adabu. Kwa mtoto aliyeumizwa na watu wazima, kiboko chako huthibitisha tu kwamba nawe ni mmoja wao.

Jina alilokuja nalo usiharakishe kulibadili, wala usimfiche kwamba alizaliwa na mama mwingine. Akisikia kwanza kwa majirani, atajiuliza umemficha mangapi.

Iwapo miezi inapita na bado halali, anajiumiza au hasemi kabisa, omba rufaa ya kumwona mtaalamu wa afya ya akili katika Hospitali ya Bugando, na siku hiyo uende na lile daftari.