Rangi ya machungwa nyumbani na mwilini: anza na kitambaa, ukuta baadaye

Wateja wanaokuja kwangu Langoni, Lamu, kushonesha mito na mapazia huja na picha kwenye simu: ukuta mzima wa rangi ya machungwa, nao wanautaka kwao. Huwaambia wasubiri kwanza. Nguvu ya rangi hii hutegemea kilicho kando yake. Majaketi ya kuokolea kwenye boti za Mokowe ni ya machungwa kwa sababu machungwa na buluu hutazamana kwenye duara la rangi, kwa hiyo jicho huyaona upesi majini. Sebuleni mambo ni yale yale.

1. Tazama ulicho nacho. Nyumba ya mawe ina kuta za chokaa, boriti nyeusi darini na mlango wa mbao iliyokolea. Vyote vinaibeba machungwa bila shida.

2. Chagua chungwa lako. Kuna la ganda, la papai bivu, la udongo wa chungu, na la hina ya siku ya kwanza kabla haijakolea. Chumba cha ndani kwenye nyumba zetu za zamani hakipati mwanga wa kutosha, hivyo mimi hukipa papai. Ukiweka udongo humo utaona kahawia tu. Udongo uache kwa sebule inayopata jua.

3. Usiamulie dukani. Nunua kikoi kimoja, kitundike pale pale unapotaka kuweka rangi, ukitazame asubuhi, alasiri, na usiku taa zikiwaka. Usiku ndipo watu hunipigia simu wakilalamika rangi imekufa. Angalia pakiti ya balbu: iliyoandikwa 6500K hutoa nuru ya kibuluu, na machungwa hupooza, ya 2700K huichangamsha. Mara nyingi tatizo ni balbu, kitambaa hakina kosa.

4. Fua kabla ya kukata. Pamba hunywea, na rangi nyingine huchuja. Lowesha kona, isugue kwa kitambaa cheupe; kikishika rangi, fua peke yake mpaka maji yatoke safi. Anika kivulini, ndani nje.

5. Kata na ushone. Kwa leso, mji (sehemu ya katikati) uwe uso wa mto na pindo liwe ukingo. Soma jina, yaani maandishi yake, kwanza! Mafumbo mengine yaliandikwa kwa ajili ya mke mwenza, si kwa mgeni anayekuja kunywa kahawa.

6. Kuhusu kiasi, mito miwili mitatu yatosha, pamoja na kitu kimoja upande wa pili wa chumba, labda bakuli kwenye kidaka, yaani shubaka la ukutani. Kidaka kikijazwa vitu, nakshi ya plasta hupotea, na hiyo ndiyo pambo lenyewe. Pazia lina hatari yake. Jua la alasiri likipita kwenye pazia jepesi la machungwa, kuta nyeupe zote hugeuka rangi, na nyuso za waliokaa pia. Lishonee kitambaa cheupe kizito nyuma.

7. Ukishikilia ukuta, paka mmoja, usio na dirisha. Ukipaka chokaa, tumia rangi za udongo, yaani zile za oksidi ya chuma, kwa kuwa chokaa ni kali na huziunguza rangi nyingi nyingine. Koroga unga wa rangi kwenye maji, chuja, ndipo uchanganye na chokaa. Jaribu kipande kidogo ukisubiri kikauke kabisa: kikiwa kibichi huonekana kimekolea, kikikauka hupauka sana. Fundi anayeharakisha hapa atakuachia ukuta usioutaka.

8. Mwilini, kimoja tu. Mtandio wa machungwa juu ya buibui jeusi unatosha kabisa, na kwa mwanamume kikoi cha machungwa na shati jeupe. Rangi hii huzipendeza ngozi zetu nyeusi kuliko manjano, kwa maoni yangu. Viatu na mkoba viache viwe vya kahawia.